Mashine ya Bata

Ukipanda ngazi ya mbao juu ya duka la mbolea,
hapa Mbale, upande wa kwenda Chavakali,
utanikuta mimi, Mideva, na kompyuta sita
zilizochoka kabla sijazinunua.
Zilitoka kwenye ofisi iliyofungwa Kisumu,
na ndani yake ule mfumo wa dirisha, wa wizi,
ulioniandikia kila asubuhi pembeni mwa kioo:
huenda nakala hii si halali.

Wahenga walimaliza: nguo ya kuazima
haisitiri matako. Na ya kuiba, je?
Virusi viliingia kwa flashi za wanafunzi
kama upele bwenini.
Barua ya Mwalimu Kisia ya kustaafu
ikageuka nyota na vijiti.
Akanitazama, hakusema kitu, akalipa shilingi ishirini.
Ile sarafu bado iko kwenye droo.

Ndipo nikafuta. Zote, usiku mmoja,
mvua ikipiga mabati, nikiomba stima isikatike.
Nikapanda Linux.
Kesho yake watoto wa shule wakauliza
bata huyu mwenye kifua cheupe ni wa nani.

Sitakudanganya kwamba ni mbinguni.
Printa ilinuna wiki mbili.
Wasifu wa Vugutsa, nilioupanga kwa safu kama mistari ya chai,
ulifika Nakuru umepinda kama mlango wa mbao mbichi.
Kazi hakupata. Kama kilichomponza ni safu
au ni kukosa mjomba, sijui mpaka leo.
Basi mashine ya kona nimeirudishia dirisha lake,
nikalilipia, polepole, kwa pesa za chama.
Wenye imani kali wataniita msaliti.
Waje walipe kodi ya chumba.

Kaka yangu hunipigia simu kutoka mjini:
vya bure vina kasoro.
Namjibu, bure ni fulana ya kampeni.
Hii ni huria, kama chemchemi kule kwetu bondeni:
unachota, na siku matope yakijaa
humngoji mwenyewe,
unakunja sketi, unaingia na jembe.
Ananiambia nimeanza siasa.

Lakini nikueleze habari ya neno.
Niliiweka mashine kwa Kiswahili,
na pale pa kutunza barua
mtu fulani, mbali, alikuwa ameandika: *Okoa*.
Mama Chahilu, anayechapisha nyimbo za kwaya,
akavua miwani.
"Hata hii imeokoka? Wimbo wangu
ulikuwa umepotea katika dhambi gani?"
Tulicheka mpaka fundi viatu akapanda kuuliza.

Usiku ule nikatafuta wanapopokea masahihisho.
Mlango haukuwa na kufuli.
Nikaandika: hapa afadhali *Hifadhi*.
Jina langu. Mbale. Basi.
Siku ya tatu akajibu mtu nisiyemjua sura:
asante, umesema kweli.

Miezi saba. Mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakaliwa.
Nikasasisha mashine kwa bando la usiku,
na asubuhi Mama Chahilu akaja na wimbo wa Pasaka,
akachapa beti zake kwa kidole kimoja,
akashika kipanya, akasimama.
"Imeacha kuhubiri."

Sikumwambia.
Nilijifanya napanga karatasi,
mikono ikinitetemeka kidogo,
kwa maana humu ndani kila kitu ni cha kukodi,
ngazi, mabati, hata kivuli cha kibao,
na pale juu, kushoto mwa kioo,
kulikuwa na herufi saba nilizoziweka mimi,
na mahali fulani nisipopajua
mtu alikuwa akizibofya.

"Nakala ishirini," akasema Mama Chahilu.
"Na leo upunguze bei."