Arobaini

Siku za mwizi arobaini, wanasema.
Na chaja zangu ni arobaini,
zimefika Bydgoszcz ndani ya boksi lililolowa theluji.
Nembo sawa, rangi sawa, hata ule ukaratasi wa maelezo.
Mizani ya jikoni ndiyo iliyozichongea:
ya asili gramu sitini,
hizi thelathini na moja.

Nikapasua moja kwa kisu cha mkate.
Waya wa ukutani na waya wa simu
zimelazwa kitanda kimoja,
kati yake nafasi ya punje ya mtama.

Muuzaji kafutika mtandaoni kama pumzi kwenye kioo.
Zloti mia sita.
Kodi ya duka ni Ijumaa.

Shemeji yangu Zbyszko anacheka:
“Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, Halszka.
Basi nawe uza gunia.
Andika *bila dhamana*, shusha bei,
mpenda rahisi anajijua.”

Mchana akaingia Jagna wa ghorofa ya tatu,
ambaye mwanawe halali mpaka simu iwe chini ya mto
ikimchezea sauti ya mvua.
“Hizo bei gani?”

Nilitaja bei.
Naam, niliitaja, na mkono wake ukaingia mkobani.
Ndipo nikasema: hapana, hizo haziuzwi.
Akanitazama kama mchoyo aliyeficha kitu kizuri.

Usiku nimekata nyaya thelathini na nane.
Ile niliyoipasua iko kwenye taka.
Moja imebaki kwenye droo,
nzima, na boksi lake.
Kodi ni Ijumaa.