Sindano katika Sehemu ya Pili

Elfu tatu na mia tano. Kithome hapunguzi.
Ameliweka boksi juu ya kaunta ya kioo
kama daktari anayekuonyesha picha ya mfupa wako.
Diski sita, jalada gumu, msichana wa koti jekundu
juu ya paa la mji usio na jina,
upanga begani, mvua imekatika vipande viwili.
"Mali safi hii," asema.
"Si zile za kunakili, zinazokwama
mtu akiwa ameshainua mkono."

Nami nimesimama hapa Nyamakima, chini ya ngazi,
rangi ya mafuta bado i kuchani.
Asubuhi nimemaliza kuandika BUCHERI YA NEEMA,
herufi zenye kivuli, ng'ombe anayecheka,
kazi ya siku mbili kwa malipo nusu,
nusu nyingine Ijumaa, Mungu akipenda.
Elfu tatu na mia tano ndiyo hiyo nusu,
ukitoa nauli ya kurudi Kayole.

Nikaomba kuonja.
Muuza asali hukuchovyea kijiti;
Kithome alichovya diski.

Mimi si mtazamaji mwema. Mimi huhesabu.
Mgeuko mmoja wa shingo: michoro kumi na miwili.
Cheche za chuma, kila moja na wekundu wake,
na mtu fulani, sijui wapi, alikesha nazo
mgongo ukimwuma pale pale unaponiuma
nikiwa juu ya ngazi, brashi mkononi, jua kisogoni.
Koti lilipopepea niliguna.
Kithome akadhani nimenunua.

Ngoja kwanza.
Uzuri naujua, ndio unaonilisha.
Niliwahi kuuchorea mkahawa mmoja samaki wa kukaanga,
limau pembeni, mvuke ukipanda,
wapita njia wakameza mate;
na ndani, tangu ufunguliwe,
hawajapika ila maharagwe.

Basi nikatafuta maharagwe.
Adui ana jicho moja na sababu nusu.
Mwalimu anakufa mapema, hata chai haijapoa.
Wanapigana. Wanautazama mwezi. Wanapigana.
Wanaambiana kwa sauti nzito
mambo ambayo mimi na Nafuna
tungeyamaliza tukichambua mchele.
Na Nafuna huyo namsikia kabisa:
"Hicho nacho kinaliwa na nini?"

Nimeshashika mkoba.
Sehemu ya pili imeanza yenyewe,
Kithome yuko kwenye simu, anagombana na mtu wa mizigo.
Msichana ameketi ukingoni mwa kitanda.
Hakuna muziki.
Mkono wa koti umechanika, naye anaushona.
Uzi unakataa tundu. Anaulamba, anaupindapinda,
unakataa tena. Anafumba jicho moja.
Unaingia.
Hakuna anayekufa. Hadithi haikusogea hata inchi.
Lakini kuna mtu aliyechora mate kwenye ncha ya uzi,
akijua hakuna atakayeyaona.

Nikamngoja Kithome akate simu.
"Katika hizo diski nyingine,
kuna sindano nyingine?"
"Sindano gani?"
"Kama ile."
"Ndugu yangu, mimi huuza. Kuna mapigano
mpaka diski ya sita, hilo naweza kuapa."

Hilo silo nililouliza.

Nje kanjo wamepita, wachuuzi wa soksi wametawanyika,
wamerudi, wametandaza tena.
Nimepiga hesabu ya unga, ya tokeni za stima,
ya kopo la rangi nyeupe linalokaribia kuisha,
na kila nikifika kwenye jumla
uzi unakataa tundu.

Nikatoa mia tano. Arubuni. "Mpaka Ijumaa,
Mungu na mwenye bucheri wakipenda."
Kithome akatafuta kalamu, akararua karatasi,
akaanza kuliandika jina langu, WAKHUNGU,
herufi zikilala huku na huku kama walevi,
ile K imempa mgongo H.

"Lete hapa," nikasema,
nikaegemea kaunta,
nikaliandika upya, polepole,
na kivuli chake.