Uzi Uleule

Kabla ya kufungua stendi, mama hutoa uzi mfukoni.
Pamba nyeupe, imeshika weusi pale vidole vinapokaa,
masalia ya kiwanda cha Tampere
kilichofuma shuka za hospitali miaka na miaka
kisha kikafunga, yakabaki madirisha.

Tumepanga ghorofa ya tatu.
Hapahapa, kwenye mashine namba kumi na nne,
alisimama Irmeli, msichana wa miaka kumi na saba,
mtambo ukimpigia kushotoni zamu baada ya zamu,
tatata, tatata, tatata,
hata sikio lile likachoka kuitika.
Sikio la kufa halisikii dawa.
Daktari hakusema hivyo. Alisema kwa Kifini,
kwa adabu, na kwa karatasi yenye muhuri.

Leo amekuja Tuukka, ngoma zake juu ya sledi.
"Ziache zipate joto," mama anamwambia,
"ngoma yenye baridi husema uongo."
Tunakunywa kahawa.
Tunakunywa nyingine.

Maikrofoni ya kwanza juu, inaitazama ngoma ndogo
kama mtu aliyeinama kusoma barua ya mwenzake.
Ya pili ubavuni, kuliani kwa Tuukka,
inachungulia juu ya ngoma nene ya sakafuni.
Basi. Vijana siku hizi hutia kumi na mbili,
kila toazi na polisi wake.
Mama hutia mbili, na uzi.

Ncha moja nabana mimi kwa gumba,
katikati ya ngoma ndogo, juu ya ngozi.
Nyingine anaipandisha hadi mdomoni mwa maikrofoni ya juu,
anapiga fundo,
kisha anaizungusha fundo likaguse ile ya pili.
Haligusi. Pamepungua upana wa kidole.
"Sogeza."
Nasogeza.
"Umezidisha."
Tuukka anacheka: kidole kimoja tu, Irmeli!
Yeye hacheki.
Sauti ikiwahi huku na kule ikachelewa,
wimbi moja linapanda, jingine linashuka,
yanakutana kama wawili wanaodaiana sawasawa:
yanalipana, hakuna linalobaki na kitu,
na ngoma ya mguu, iliyodondoka kama gunia la viazi,
inageuka boksi la viatu.

Shikilia uzi uleule, ananiambia.
Nami nashikilia mpaka gumba linakufa ganzi.

Tuukka anapiga. Hedifoni navaa mimi.
Mama amekaa, sikio zima limenielekea,
ananihoji kama hakimu.
Ndogo iko wapi?
Katikati.
Katikati ya wapi?
Kati ya nyusi.
Toazi kubwa?
Kuliani, juu kidogo ya bega.
Na ya mguu?
Sijui kusema. Nagonga kifua.
Anaandika kwa penseli: kifua.

Anazo kanda mia tatu rafuni,
zote za masikio mawili,
na hajapata kuisikia hata moja ikitanuka.
Niliwahi kumuuliza kwa nini anajisumbua.
Alisema mpishi mwenye kisukari naye huoka keki,
akaniagiza nikakoroge kahawa.

Saa kumi kasoro, nje giza limeshaingia.
Tuukka amekwenda na sledi yake.
Nimesahau kuzima; hedifoni bado kichwani.
Mama anakunja uzi, anatembea.
Hatua zake zinaanzia kuliani kwangu,
soli za mpira, ubao mmoja unaolia,
zinapita kati ya nyusi,
zinavuka
mpaka kushotoni, upande wa mashine namba kumi na nne,
upande ambao yeye mwenyewe hajisikii.
Pale akasimama.
Akasema neno, dogo, si kwangu,
nami nikalipata lote, kwa sikio la kushoto.

Akageuka. "Umezima?"
Nikasema ndiyo.
Sikuwa nimezima.