Barabara ya Reki

Magari yalikatazwa hapa kabla sijazaliwa,
kwa sababu nyingine.
Siku hizi yanakatazwa kwa ajili ya kuku-mwitu
na sisi wenye baiskeli:
kibao kipya, chuma kilekile.
Baba hushuka kila tunapofika kwenye kizuizi,
ingawa pembeni pana upenyo wa kutosha usukani,
ingawa Hynek, mtoto wa dada yangu, miaka sita,
keshapita bila hata kugusa breki.
Anashuka, anasukuma, anapanda tena.
Sijawahi kumuuliza.

Lami ni nyembamba, upana wa lori moja la jeshi,
ilitandazwa kwa haraka ya watu wenye amri
na bado haina shimo.
Misonobari imeipanga pande zote mbili;
mingine imeliwa na bungua, imesimama mikavu,
myeupe kama miiba ya samaki sahanini,
na chini yake miche inasukumana
kama watoto kwenye dirisha la duka.
Hakuna honi. Hakuna moshi.
Sauti ni ya mnyororo wa Baba, haujaona grisi tangu Pasaka:
krri, krri, krri, hadi juu.

"Hapa," anasema, wala haonyeshi kwa kidole,
"tulikuwa na reki."
Nilidhani ya majani.
"Ya udongo. Upana mita kumi, umelimwa, umelainishwa.
Jioni tunauchana kama nywele za bibi harusi,
alfajiri tunasoma nani kapita."
Sungura. Kulungu. Mbweha mmoja mwenye mguu mbovu
ambaye kikosi kizima kilimpa jina la sajini.
Na mara moja, mwezi wa kumi, kiatu.
Namba thelathini na saba.
Hapo anabadilisha gia, anaweka ngumu zaidi,
na mlima ndio kwanza unaanza.

Namfuata. Najua mgongo wake kuliko uso:
jasho limechora shatini
ramani ya nchi iliyokwisha gawanywa.

Kileleni palikuwa na kijiji.
Imebaki mitufaha saba katikati ya msitu,
mstari mmoja,
foleni ambayo dirisha lake lilifungwa zamani.
Mwanamke kutoka upande wa pili, wa Bavaria,
amelaza baiskeli nyasini, anajaza matunda kwenye kofia yake ngumu.
Anaitwa Walburga. Kicheki chake ni maneno matano.
Kijerumani cha Baba ni maneno manne:
simama, mikono, karatasi, rudi.
Basi Baba ananyamaza.
Anapokea tufaha, anauma. Chachu ya kufumba jicho.
"Bibi," anasema yule, akigusa gome la mti,
kisha anashusha kiganja mpaka kimo cha mtoto.

Kutoka pale jiwe la mpaka ni mita mia tatu, mteremko mtupu.
Mara zote tumegeuzia hapa.
Baba husema ni upepo. Mwaka jana alisema ni goti.
Hynek haulizi mtu.
Ameachia breki, miguu kaitupa huku na huku,
anapiga kelele mpaka msitu unachoka kumjibu.
Kwenye kona amekosea kidogo, amepanda ukingo, amerudi.

Baba anaushuka mteremko kwa mguu hadi pale konani.
Kwenye udongo laini kuna alama ya tairi dogo,
mbichi, mstari uliopinda.
Anauinamia. Anakaa hivyo muda mrefu
kuliko unavyohitaji mstari mmoja.
Halafu anapanda baiskeli, anaupita pembeni, hauharibu,
na anakwenda.
Krri, krri, kisha pedali zinatulia
na hata hiyo haisikiki.

Tumebaki mimi na Walburga na matufaha.
Ananipa manne, natia mfukoni.
Hayaliki mabichi, lakini kwa pai yatafaa.