Siku Zangu Mbili

Jumatatu jioni natundika funguo za mabafu msumarini,
namwachia Wendell, meneja, daftari la wageni,
reki ya majivu, na onyo kuhusu namba kumi na saba:
bomba lao la maji machafu limeshikwa na utepe na maombi.
Baada ya hapo Jumanne ni yangu, na Jumatano.

Mkataba wetu ni mfupi kama risiti.
Saa ishirini kwa wiki, nami napewa pa kuegesha,
umeme, maji,
na haki ya kuisikia bahari bila bili.
Karavani ina urefu wa hatua kumi na moja.
Usiku wa upepo nazihesabu tena.

Aliinunua Orval. Aliiosha kila Jumamosi, miaka sita,
akaipaka nta, akaifunika turubai,
na haikuwahi kuvuka lango letu
mpaka nilipoivusha mimi, nikigonga sanduku la barua njiani.

Sanduku la barua, mimi!
Miaka thelathini na mmoja nilipanga barua Nebraska,
mahali ambapo chenye mawimbi ni ngano tu.
Miji ya pwani ya Oregon niliijua kwa namba kabla ya macho.
Bandon: tisa saba nne moja moja.
Yachats nayo niliitamka vibaya maisha yangu yote,
kimoyomoyo, nisikosolewe na mtu,
hadi Jumanne moja muuza mikate,
akinifungia andazi la mdalasini, aliposema:
"Yahats, mama. Hiyo c ni ya kutazamwa tu."

Bandon nilikuta ukungu.
Nilisimama gatini saa nzima
mbele ya kibao kinachoeleza kilichoko mbele yangu.
Nikakisoma mara mbili, nikaamini, nikaondoka.

Lakini Port Orford.
Mji ule hauna ghuba ya kujifichia,
basi kila mashua ikirudi, kreni huinyanyua
ikichuruzika maji kama mbwa aliyeogeshwa kwa nguvu,
na kuilaza juu ya tela, kwenye lami,
pamoja na wenzake, mstari kwa mstari,
magurudumu chini, pua zote upande mmoja.
Nilicheka mpaka nikashika nguzo.
Kijana wa kreni, Corwin, akauliza kulikoni.
Nikamwambia: "Ile ya nne kutoka mwisho imeegeshwa vibaya.
Na umeme mtawaunganishia lini?"
Hakuelewa. Akaniuliza ninatoka wapi.
Nilikusudia kusema Nebraska.
Ulimi ukasema: "Namba thelathini na mbili,
karibu na mabafu."

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, reki mkononi.
Majivu ya wageni bado yana joto katikati,
na ndani yake kijiko kimoja kilichopinda.
Namba kumi na saba wameondoka usiku.
Bomba wameniachia,
na juu ya meza ya mbao, chini ya jiwe,
kadi ya posta iliyoloa pembeni:
*Tumefika baharini. Baba hakushuka garini
ila alifungua dirisha.*
Inakwenda Saskatchewan. Haina stempu.

Wendell ananiita, choo cha wanaume kimeziba tena.
Naja, namwambia,
nikipekua pochi.