Kiinua Mgongo

Miaka thelathini na minne nilipunga bendera ya kijani
stesheni ya Kigoma: garimoshi likaondoka, mimi nikabaki.
Siku ya kunilipa walikiita kiinua mgongo,
na mgongo wenyewe haukutaka kuinuka kitini
uende dirishani kukipokea.

Sasa natafuta boti.
Si ya kuvulia. Dagaa nimewala, sina ugomvi nao.
Si ya abiria wa Kalemie wala madumu ya mawese.
Boti ya kukaa.
Ya kupanda nayo Malagarasi kutoka Ilagala, polepole,
mpaka mto wenyewe useme basi,
kulala humo, na kuamka bila kuteguka.

Ya kwanza ilikuwa Kibirizi: nyekundu, ndefu,
injini mbili zinazonguruma kama zina deni.
Nilishika usukani, nikawa na miaka ishirini na saba.
Hidaya wangu alibaki mchangani, kanga kaikunja,
akatazama ubavu wa boti juu hadi chini.
"Ngazi iko wapi?"
Muuzaji akasema watu huruka tu.
"Watu gani?"
Tukarudi nyumbani.

Ya pili, Katonga, ilipakwa rangi juzi.
Rangi ya juzi kwenye boti ya zamani
ni bwana harusi asiyetaka kuvua kofia.
Fundi Sendwe aliigonga kwa mpini wa bisibisi,
ko, ko, ko,
kisha pu.
Hapo kwenye pu alichomeka kisu, kikazama kama kwenye papai.
Hakusema neno. Alikifuta kwenye suruali
akauliza wapi wanauza chai.

Ya tatu tuliikuta Ujiji, juu ya magogo,
uani kwa mjane wa Bitalo,
rangi ya maziwa mgando, pana kama kitanda cha wageni.
Sendwe akakagua mkuku, mimi nikakagua kuku
aliyeatamia kwenye kiti cha nahodha.
Dizeli, silinda tatu, moja tu.
Fundi aliisikiliza ikikohoa, ikatulia, ikaendelea.
"Hii haijachoka," akasema. "Imezoea.
Na tumbo lake bapa, maji ya gotini yanaitosha.
Hata Malagarasi ya Septemba itaipitisha."

Hidaya alivua kandambili.
Ngazi tatu, mkono kwenye chuma, yumo.
Akalala kitandani. Akainuka. Akalala tena,
ubavu wa kushoto, ule unaomsumbua, akainuka.
Akaingia chooni akafunga mlango.
Tulisimama uani, watu wazima watatu, tukingoja.
"Goti halikugusa," akasema alipotoka.
Kisha akaketi dirishani, mikono mapajani,
kama mwenye ungo wa mchele.
"Hapa nitamwona kiboko kabla hajaniona."

Mjane alitaka milioni kumi na tisa.
Nilikuwa na kumi na saba na nusu, na paa la jikoni bado linavuja.
Hakubisha upesi. Alipangusa vumbi kwenye kioo kwa kiganja.
Marehemu, akasema, aliinunua azeeke nayo.
Akangoja spea kutoka Dar.
Akangoja mvua zipite.
Akangoja mjukuu amalize darasa la saba.
Mjukuu sasa ana watoto wawili.

Akapunguza milioni moja.
Nusu iliyopungua, baiskeli yangu itailipa;
haipandi tena kilima cha Mwanga, wala mimi.
Sharti lake moja: kuku asisumbuliwe.
Amalize mayai yake.

Siku tisa, basi.
Nimengoja magari yaliyochelewa zaidi ya hapo.
Jana usiku Hidaya alifungua sanduku la chuma,
akaitoa ile bendera ya kijani,
akaipima kwa shubiri, mdomo ukihesabu,
akasema inatosha pazia la dirisha lake,
na kipande kitabaki cha kushikia sufuria.