Umeme Hauna Harufu

Wateja wangu wa Kiboriloni huuliza bei.
Wakishajua bei, huuliza dakika.
Shayo wa teksi huuliza kama kuna chai.

Ni Mama Aikaruwa peke yake,
na kigari chake cha mtumba chenye redio inayosema Kijapani,
anayeshusha kioo na kuuliza:
"Leo unaniuzia nini, jua au gesi?"

Juu ya bati nina paneli kumi na mbili.
Nyuma ya ukuta, nguzo ya Tanesco.
Waya unaomfikia ni mmoja, mweusi.

Julai wingu lilikaa siku tisa,
mlima ukawa kama haujawahi kuwepo.
Alisubiri kwenye kiti cha plastiki.
Akafuma soksi moja, akaanza ya pili.
"Babu yangu aligawa maji ya mfongo," alisema.
"Hakuna aliyeuliza bei. Watu waliuliza zamu."

Saa nane nikachoka kumwangalia.
Nikageuza swichi, nikasema, "Jua limetoka."
Alitazama juu. Akanitazama mimi.
Akalipa bei ya jua, ile kubwa, hakudai chenji,
akaelekea Rau bila kelele,
maana magari haya hayaachi hata moshi wa kusingizia.

Siku hizi kuna ubao mlangoni, na chaki.
Leo nimeandika: MAWINGU. UMEME NI WA GRIDI.
Shayo amesoma, amecheka, amechomeka.

Kile kiti nimekifuta vumbi
mara mbili tangu asubuhi.